Sauti Iliyobaki katika Nta: Habari za Mwimbaji Kipofu wa Masasi



Katika nyumba za wazee wetu hakukosi kitu kimoja ambacho hakitumiki tena, wala hakitupwi. Pengine ni sanduku la gramafoni lililokatika kamani yake. Pengine ni santuri tatu nne zilizofungwa katika kanga kuukuu na kutiwa uvunguni, au picha ya askari iliyogeuka rangi ya majani makavu. Watoto huuliza, "Hiki nacho ni cha nini?" Ikiwa mzee mwenyewe yu hai, atawajibu kwa hadithi ndefu. Ikiwa amekwisha kufa, basi hapana jibu, na kitu kile huanza siku hiyo kuwa takataka.

Hotuba hii yahusu vitu vya namna hiyo na watu ambao sauti zao zimo ndani yake. Nimemchagua mwimbaji mmoja wa nchi ya kusini, aliyeimba mbele ya boma la Masasi mwaka wa 1906, wakati majivu ya vita vya Majimaji hayajapoa bado. Jina lake ni Sulila. Alikuwa kipofu. Hakupata kushika santuri mkononi mwake, kwa kuwa nyimbo zake ziliwekwa katika nta, na nta ile ikachukuliwa mbali.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Masasi iko chini ya milima ya mawe matupu, myeupe kwa jua, isimamayo peke yake katika tambarare kama makundi ya tembo waliolala. Ukitoka hapo kuelekea mashariki na kusini utapanda mpaka juu ya uwanda wa Makonde, na ukingoni mwa uwanda huo ndipo ilipo Newala. Asimamaye Newala asubuhi, ukungu ukiisha kuondoka, huona bonde la mto Ruvuma chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Ni mahali pa fahari, lakini fahari ile ilikuwa na bei yake: zamani hapakuwa na maji juu, na wanawake waliteremka genge kila siku na mitungi yao na kupanda tena. Huko wamekaa pamoja Wayao, Wamakua na Wamakonde, kila watu na lugha yao, unyago wao na ngoma zao.

Nchi hiyo imezoea kupitiwa na vita. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani, wapate kukaa na kulima. Mwaka wa 1882 Wangoni wakaushambulia mji ule, na wengi wa waliosalia wakakimbilia Newala kwa Matola, jumbe mkuu wa Wayao. Kisha, mwezi wa Julai wa mwaka 1905, watu wa Umatumbi wakaing'oa pamba ya Serikali ya Wadachi, na vita vikaanza ambavyo habari zake zilienea kusini kote kama moto wa kiangazi. Kabla ya mwezi wa Agosti kwisha misheni ya Masasi iliteketezwa, na ile ya Nyangao, katika njia iendayo Lindi, ikaharibiwa pia. Baadaye majeshi ya Wadachi yalichoma vijiji na ghala za nafaka mahali pengi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wadachi wenyewe walikadiria kuwa watu 75,000 walikufa. Wataalamu wa historia wa siku za baadaye wameona kuwa hesabu hiyo ni ndogo mno, na wako waliotaja 250,000 au zaidi.

Katika nchi iliyotoka kupata msiba wa namna hiyo ndipo alipofika Dakta Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la mji wa Leipzig. Kazi yake ilikuwa kuchunguza desturi za watu na kukusanya vitu vyao. Hakukusudia kwenda kusini. Alikuwa ameagizwa kwenda pande za Kondoa-Irangi, lakini alipofika Dar es Salaam akaambiwa kuwa huko nako kuna machafuko. Basi akapelekwa Lindi, mwezi wa Juni wa mwaka 1906. Mwezi wa Julai alikuwa Masasi, mwezi wa Agosti akakaa Chingulungulu kwa Matola mwingine, mrithi wa yule wa kwanza. Mwezi wa Septemba akapanda Newala, na safari yake ikaishia Mahuta kabla ya kurudi pwani.

Mizigo yake ilikuwa ya ajabu kwa siku zile. Pamoja na hema na vyakula, wapagazi wake Wanyamwezi walichukua kamera, mtambo wa kupiga picha za sinema, na mashine moja yenye pembe kubwa kama ua la boga. Mashine hiyo ya tatu ndiyo fonografu, nayo ni mama wa gramafoni.

Inafaa kueleza jinsi ilivyofanya kazi, maana mambo mengine ya hotuba hii yategemea hilo. Mwimbaji huimba mbele ya pembe. Mwishoni mwa pembe pana kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma ya mtoto, nacho hutetemeka kwa kila sauti. Kwenye kiwambo imeshikizwa sindano, na sindano hiyo hugusa mwanzi wa nta unaozungushwa kwa kamani. Kiwambo kitetemekapo, sindano huchora mfuo katika nta, hapa chini zaidi, hapa juu zaidi. Wimbo ukiisha, sindano nyingine hurudishwa mwanzoni, ikapita katika mfuo ule ule. Sasa nta ndiyo itetemeshayo kiwambo, na sauti hutoka pembeni. Hapana umeme wala uchawi. Lakini mashine hii ina masharti. Mwanzi mmoja hujaa kwa dakika mbili au tatu tu. Joto huilainisha nta. Tena kila mara upigwapo, sindano huula mfuo kidogo, hata mwisho sauti huwa kama upepo katika majani ya mgomba.

Huko Masasi, basi, Weule alimkuta Sulila. Picha yake akiwa nje ya boma ilichapwa katika kitabu ambacho Weule alikitoa kwa Kidachi mwaka wa 1908, na ambacho mwaka uliofuata kilifasiriwa kwa Kiingereza na Bibi Alice Werner, mjuzi wa lugha za Kibantu. Humo huitwa mwimbaji kipofu wa Masasi. Waimbaji wa namna yake walikuwako katika kila nchi ya Afrika ya Mashariki, nasi twaijua kazi yao. Mwimbaji wa namna hiyo ndiye gazeti la watu, na ndiye kadhi wao pia: humsifu mkarimu na kumwaibisha mchoyo, hutangaza nani amekufa na nani amerudi, na neno lisilosemeka barazani husemwa naye katika wimbo, likasameheka. Kipofu haonekani kuwa ni mtu wa kuogopwa, na kwa hiyo huachiwa kusema mengi. Chakula chake ni ulimi wake. Asipopendeza, hulala njaa.

Mtu wa kazi hiyo aliposimamishwa mbele ya pembe ya fonografu, ni nini kilichoingia katika nta? Sauti yake iliingia, na hilo si jambo dogo. Lakini wimbo wa kwetu si sauti ya mtu mmoja. Mwimbaji hutoa, na watu hupokea. Mguu wake hupiga chini, mwili wake hugeuka upande wa yule anayemwimba, watu hucheka, naye kwa kuchekwa huongeza neno ambalo hakulikusudia. Mbele ya pembe hapana budi asigeuke, maana akigeuka sauti hupotea. Hapana budi aishie pale nta iishiapo, ijapokuwa hadithi haijafika nusu. Watu wa Makonde watalielewa jambo hili upesi. Wao huchonga vinyago vya kuvaa, viitwavyo midimu, navyo Weule alivichukua pia. Kinyago kile kikiwa juu ya kichwa cha mchezaji, usiku, pamoja na ngoma, wanawake na watoto hukikimbia. Kikitundikwa ukutani katika nyumba ya makumbusho, ni mti uliochongwa vizuri. Hakuna aliyekiharibu; kimepungukiwa tu na watu wake.

Tena tusisahau ni mahali gani alipoimba. Boma ndiyo nyumba ya mshindi wa vita, na mgeni yule alisafiri na askari wa Serikali. Ikiwa mwimbaji kazi yake ni kusema yale ambayo wengine hawathubutu, basi ni dhahiri kwamba mwaka ule, mahali pale, ulikuwa wakati mgumu wa kuifanya kazi hiyo. Asikiaye nta ile leo hana budi kusikiliza pia yale yasiyosemwa.

Sasa tuifuate safari ya nta yenyewe, maana vitu navyo vina maisha yao kama watu. Iliteremka mpaka Lindi juu ya vichwa vya wapagazi, ikapanda meli, ikaingia Ulaya. Katika mji wa Berlin palikuwapo hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka wa 1900 na Profesa Carl Stumpf, na tangu mwaka wa 1905 msimamizi wake alikuwa Erich von Hornbostel. Huko mianzi iliyoletwa na wasafiri ilifanyiwa kalibu za shaba: hupakwa unga mweusi unaopitisha umeme, hutiwa katika maji ya dawa, na shaba huganda juu yake. Nta ya asili mara nyingi huharibika katika kazi hiyo, lakini kalibu hubaki, na kutoka katika kalibu moja nakala nyingi zaweza kumiminwa. Mwaka wa 1909 Hornbostel alitoa makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi, na nyimbo hizo ndizo walizoziimba wapagazi wa Weule njiani. Basi wapagazi waliochukua mashine vichwani mwao, sauti zao nazo zilichukuliwa na mashine ile.

Kisha vita vikaifuata nta huko ilikokimbilia. Mwezi wa Desemba wa mwaka 1943 mabomu yaliuangukia mji wa Leipzig, na jumba la makumbusho likaungua pamoja na vitu vingi vilivyokuwamo. Mwaka wa 1944 sehemu kubwa ya hazina ya Berlin ilihamishwa na kufichwa upande wa mashariki, katika nchi ya Silesia. Vita vilipokwisha, Warusi waliichukua mpaka Leningrad. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilirudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka wa 1991, Wadachi walipokwisha kuungana tena, ikarudi katika jumba lake la zamani. Mwaka wa 1999 shirika la UNESCO liliiandika hazina hiyo katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu. Angalieni ajabu ya mambo: sauti zilizonaswa mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kuanza zilihifadhiwa katika hazina iliyotikiswa na vita vikubwa viwili vya Ulaya, ikafichwa, ikatekwa, ikarejeshwa.

Na kwao Sulila je? Huko nako hapakuwa na raha. Mwezi wa Oktoba wa mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaitwaa Newala. Kabla ya mwaka kwisha Wadachi wakawatoa. Mwezi wa Novemba wa mwaka 1917 jeshi la Wadachi, likifukuzwa na Waingereza, lilipita nchi ile na kuvuka mto kuingia Msumbiji. Kila jeshi lilikula chakula cha wenyeji na kuwatwika mizigo. Katika miaka kama hiyo nyimbo hufa pamoja na wazijuao, wala hapana mtu wa kuziandika.

Yafaa hapa tuwataje waimbaji wawili waliokuja nyuma yake, tupate kuona jinsi mambo yalivyobadilika. Wa kwanza ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja karibu mwaka wa 1880. Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay wakaimba katika santuri zile zenye picha ya mbwa asikilizaye gramafoni. Santuri zake ziliuzwa katika madukani ya pwani na bara, na watu ambao hawakupata kumwona walimjua kwa sauti. Tazameni tofauti: Siti alikwenda mwenyewe, jina lake likachapwa katika karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, na sauti yake ikarudi nyumbani kwa wasikilizaji wake. Alifariki mwaka wa 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Wa pili ni Fundi Konde. Jina lake lisimpotoze msikilizaji wa Newala. Hakuwa Mmakonde, bali Mgiriama wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka wa 1924. Katika vita vya pili vya dunia, ambavyo watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, yeye alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa K.A.R., akafika mpaka Burma. Askari aliyetoka katika tope la bonde la Kabaw, mwaka ule wa 1944, alihitaji risasi na dawa ya homa. Lakini alihitaji pia mtu wa kumwimbia kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha Mgiriama, Myao, Mkamba na Msukuma katika handaki moja. Vita vilipokwisha Fundi Konde aliimba katika santuri, na nyimbo zake kama "Tausi" na "Majengo Siendi Tena" zikaenea Afrika ya Mashariki yote. Alifariki mwaka wa 2000. Naye aliishi hata akaona santuri zake za ujana zikitafutwa na watu wa Ulaya kama vito.

Santuri hizo za zamani, zizungukazo mara 78 kwa dakika moja, zimefanywa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu wakaao mitini huko Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Wakati wa vita lakiri ilikuwa adimu, na katika nchi za Ulaya na Marekani watu waliombwa kuzirudisha santuri kuukuu ili zisagwe zifanywe mpya. Hiyo ni sababu moja ya uchache wake. Aliye nazo na azitunze hivi. Azisimamishe wima kama vitabu, asizilaze moja juu ya moja, maana hupinda. Aziweke mbali na jua na moto. Asizisafishe kwa mafuta ya taa wala spiriti, kwani spiriti huyeyusha lakiri. Kitambaa laini chatosha. Kama gramafoni ingali inafanya kazi, sindano ya chuma ibadilishwe kila upande wa santuri, maana sindano iliyochakaa hukwangua wimbo kama jembe butu likwanguavyo shamba. Na siku hizi, kabla ya kuipiga mara nyingi, ni heri nakala ifanywe kwa mitambo ya kisasa, kisha santuri yenyewe ipumzike.

Lakini kutunza kitu bila kutunza habari zake ni nusu ya kazi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nini leo twaweza kumtaja Sulila? Kwa sababu palikuwa na mtu aliyeandika jina lake na mahali alipoimba. Chini ya picha nyingi za siku zile pameandikwa tu "mtu wa Masasi" au "mwanamke wa Kimakonde", na mtu yule amepotea ingawa uso wake watutazama. Kwa hiyo chukua kalamu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini: huyu ni nani, mwana wa nani, alipigwa picha wapi, mwaka gani. Katika bahasha ya santuri andika nani aliinunua, na katika arusi gani ilipigwa. Ikiwa bibi yako ajua wimbo wa zamani, usiandike maneno tu; andika pia ulimwimbia nani, nani aliitikia, na kwa nini watu walicheka.

Kwa maana hapa ndipo penye shauri lenyewe. Hazina ya Berlin inayo nta, inazo kalibu, inayo orodha. Hainacho kicheko. Jamaa walio na ujuzi wa mashine hawawezi kusikia fumbo lililofichwa katika neno moja la Kiyao, wala kujua ni jumbe gani anayesutwa bila kutajwa. Ujuzi huo, kadiri uliosalia, uko Masasi, Newala na Chiwata, katika vichwa vya wazee, nao hauna kalibu ya shaba. Nusu mbili za wimbo mmoja zimekaa mbali kwa zaidi ya miaka mia moja. Siku hizi nakala ya sauti yaweza kuvuka bahari kwa nukta moja, bila mpagazi wala meli. Linalotakiwa ni walimu, vijana na wenye kutunza hazina waulizane, sauti irudi, ipigwe barazani mbele ya wazee, nao waseme: "Huyu anasema hivi." Hapo mwimbaji atakuwa amepata tena wa kumwitikia.

Wasikilizaji, jioni hii mtakaporudi nyumbani, fungueni lile sanduku la uvunguni. Kama mwenyewe yu hai, mketi naye mumwulize, wala msingoje kesho. Sulila hakuona uso wa mtu yeyote aliyemsikiliza. Alijua tu kwamba wapo, kwa kuwa walimwitikia.

Kwaherini.